Mwalimu Mastura Bwanaheri Anastaafu, na Neptuni Bado Haijarudishwa

Leo Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Mwalimu Mastura Bwanaheri wa Shule ya Msingi Mikokoni anatimiza miaka sitini na anastaafu. Amefundisha miaka thelathini na sita, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameimalizia hapa hapa kwetu, kwenye lile darasa la mwisho ambalo dirisha lake linatazama mashamba ya chumvi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Nimeambiwa uwe mfupi, uchangamshe na usimguse mtu. Ufupi nimejaribu. Kuchangamsha, Mwalimu mwenyewe anachangamsha, wala hanihitaji mimi. Hilo la kutomgusa mtu limenishinda. Nimekasirika, na naona ni bora niseme mapema ili mwenye haraka ya pilau aruke kurasa.

Mwalimu Mastura ni mtoto wa Mikindani. Mama yake alikuwa anasaga singo, ile manjano ya kuwasugulia maharusi, na mpaka leo Mwalimu akikunja mikono darasani unaona vidole vya mtu aliyekua kwenye manjano. Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa shule moja upande wa Nanyamba, katikati ya mikorosho, ambako walimu walikuwa wanafika na kuondoka kama wageni wa msiba. Yeye alikaa. Baadaye akahamishiwa Mikokoni, huku karibu na mdomo wa Ruvuma, na huku nako akakaa. Wenzake waliomaliza naye chuo wengi walishasogea mjini. Akiulizwa kwa nini yeye hasogei, alikuwa anajibu, "Mjini taa nyingi, watoto hawaoni kitu juu."

Masomo amefundisha mengi. Kiswahili amefundisha, Jiografia amefundisha, hata michezo alipewa mwaka mmoja akaifundisha kwa kanga kiunoni. Ila ukimtaja Mwalimu Mastura kwa mtu yeyote aliyesoma Mikokoni, awe sasa hivi anavua, analima, anaendesha bodaboda au kaajiriwa Dodoma, atakwambia neno moja: sayari.

Ilianza kwa swali. Mtoto mmoja wa darasa la nne, zamani hizo, alinyoosha kidole akauliza, "Madamu, Jua linatoka baharini asubuhi, jioni linazama Newala. Sasa linarudi baharini kwa njia gani?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Anasema alisimama pale na chaki mkononi akajua kabisa kwamba akichora duara mbili ubaoni huyu mtoto ataandika, atapata vema, na bado ataamini Jua linarudi kwa kupitia chini ya mihogo. Kesho yake alikuja na chungwa, kijiti cha mshikaki na tochi. Akafunga madirisha kwa kanga. Akalichoma chungwa kijiti, akabandika kipande kidogo cha karatasi akasema huyu ni wewe, upo Mikokoni, haya zungusha mwenyewe. Mtoto akazungusha. Karatasi ikaingia gizani, ikatokea upande wa pili. Mwalimu anasema yule mtoto alizungusha lile chungwa mpaka likaanza kutoa maji, halafu akasema polepole, "Kumbe sisi ndio tunaoondoka."

Jamani. Kuna watu wana digrii hawajawahi kuisikia sentensi hiyo ndani ya kichwa chao.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakufundisha tena anga kwa chaki peke yake. Mwezi Septemba 2016, Jua lilipopatwa, shule nyingi zilifungia watoto madarasani wasiharibu macho. Ni kweli macho yanaharibika, hilo hakubisha. Yeye aliwatoa nje akawaambia waligeuzie Jua mgongo. Alikuwa na sufuria kuukuu amelitoboa toboa kwa msumari. Akalinyanyua juu, na pale kwenye mchanga vikatokea vijua vidogo vidogo, kila kimoja kimeliwa upande, vimekaa kama vipande vya kucha. Watoto wakapiga magoti kuvihesabu. Mpishi wa shule naye akaja mbio na chujio lake la nazi, na likafanya kazi vizuri kuliko sufuria. Wote hao walikuwa wanaangalia kupatwa kwa Jua huku wametazama chini.

Lakini kubwa lake ni matembezi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo naomba nieleze taratibu ili hata mgeni aliyetoka mbali aelewe.

Picha ya kitabuni inaonyesha Jua pembeni na sayari nane zimepangwa mstari mmoja, zimegusana karibu, kama vitumbua kwenye sinia. Mtoto akiiangalia anajua majina. Hajui kingine chochote. Hajui kwamba kati ya sayari na sayari kuna utupu wa kutisha. Mwalimu Mastura akachukua mpira wa wavulana ulioishiwa upepo, akaujaza matambara, akaupaka manjano, akauweka chini ya mlingoti wa bendera: hili ndilo Jua. Halafu akakaa na kitabu na kalamu akapiga hesabu zake. Kama Jua ni mpira, Dunia ni mbegu ya ufuta, na inakaa kule kwenye bomba la maji. Mwezi ni chembe ya chumvi, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye ule ufuta. Mirihi ni mbegu nyingine ndogo zaidi, na ikaangukia mbele ya choo cha wavulana, jambo ambalo lilileta vicheko kwa vizazi na vizazi. Mshtarii ni korosho ghafi, mbali, nyuma ya goli la pili. Zohali ni korosho ndogo kidogo iliyovishwa pete ya ukili, nje ya geti karibu na madrasa. Uranusi na Neptuni kila moja ni punje ya mbaazi. Uranusi inaingia mashambani kabisa kwenye mikorosho, na Neptuni, ya mwisho, inafika kule njia panda anapokaangia vitumbua Mama Hassani.

Kila sayari ilikuwa na kigingi chake na kibao kidogo, na ile mbegu imegandishwa juu yake. Kila mwaka darasa la sita linatoka kwenye Jua na kutembea mpaka mwisho. Pale mwanzo wanapiga kelele, maana Zebaki, Zuhura na Dunia zinafuatana haraka. Wakifika Mirihi wanachekana. Baada ya hapo wanatembea, wanatembea, hakuna kitu. Wanaanza kuuliza, "Madamu, tumeipita?" Mwalimu anawajibu, "Tembea." Wakitoka geti kelele zinapungua. Wakiingia kwenye mikorosho wamenyamaza kabisa. Wakifika kwa Mama Hassani wanageuka nyuma kulitafuta Jua na hawalioni. Hapo Mwalimu anawaacha watazame. Nimeenda nao mara mbili. Mimi anga nimejifunza kwa simu, usiku na mchana, video juu ya video, na nilikuwa najiona najua. Siku ile kwenye njia panda nilisimama na watoto wa miaka kumi na mbili nikalitafuta Jua pamoja nao, nikaona sijawahi kujua kitu.

Mama Hassani naye hajawahi kukaa kimya katika maisha yake. Watoto wakitokeza tu anaanza: "Haya, wamekuja watu wa mbinguni! Karibuni Neptuni, vitumbua vya moto, mkopo hakuna, huku hata Jua halifiki sembuse polisi!" Watoto wenyewe wakambatiza Mama Neptuni, na hadi watu wazima sasa wanaagizana hivyo hivyo: nichukulie viwili vya Neptuni.

Sasa mwaka huu, mwezi wa tano, ukaja mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba, ule ambao shule za kata zinafanya pamoja na kusahihishiana. Kwenye Sayansi kulikuwa na swali: chora mfumo wa Jua ukionyesha sayari zote nane.

Watoto wetu walikuwa wametembea. Wameona kwa miguu yao. Mtoto aliyetembea mpaka njia panda akapewa karatasi moja akaambiwa achore, atafanya nini? Farida Zuberi, binti mwenye akili kuliko wengi wanaokula mshahara, aliweka nukta ndogo kabisa kwenye kona, akaandika Jua. Akaacha nafasi, akaweka alama ambayo hata huioni vizuri, akaandika: Dunia. Halafu akachora mshale unaotoka nje ya karatasi, na chini yake akaandika kwa mwandiko mzuri: "Zilizobaki karatasi haifiki. Neptuni ipo kwa Mama Hassani wa vitumbua."

Karibu nusu ya darasa walijibu kwa mtindo huo, kila mtu kwa namna yake. Kuna aliyeandika Mirihi ipo chooni.

Walimu waliosahihisha, wa shule nyingine, sizitaji, wakampa Farida sifuri. Sawa, sifuri. Mwongozo ulitaka duara nane. Lakini kumpa sifuri hakukuwatosha. Wakaipiga picha karatasi ya Farida wakaitupa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa kata, na jina la mtoto linasomeka. Kejeli zikaanza. "Hii shule inafundisha mapishi?" "Kumbe NASA wana tawi njia panda!" "Mwalimu wa hawa watoto apimwe." Mwalimu mmoja mwenye digrii ya chuo kikuu aliweka vikatuni vya kucheka mpaka skrini ikajaa. Mtu mzima! Ningekuwa karibu naye siku ile ningemchukua kwa mkono nimtembeze, na asingekula kitumbua hata kimoja.

Mwalimu Mastura alizisoma zote. Hakujibu kwenye kundi. Alimwita Farida ofisini, na mimi nilikuwepo nasahihisha madaftari, kwa hiyo nilisikia.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, madamu."

"Nani kakwambia uandike Neptuni ipo kwa Mama Hassani?"

Binti akaanza kulia. "Si ndiyo ipo, madamu."

Mwalimu akavua miwani. "Ndiyo ipo. Kosa langu mimi, sikuwafundisha kwamba mtihani una sayari zake. Njoo nikuchoree ile ya kitabuni, uijue, ukiulizwa uwape. Lakini usiiamini. Umenisikia? Wape, usiiamini."

Hapo ndipo palipopaswa kuishia. Darasa zima lilifundishwa ile picha siku mbili, wakaijua, kwisha. Badala yake matokeo ya kata yakatoka, Mikokoni tukawa wa tatu kutoka mwisho, na Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Mathayo, akasimamishwa kwenye kikao mbele ya wakuu wa shule wenzake akaulizwa habari za vitumbua. Naelewa uchungu wa kusimamishwa vile. Ni mtu mzima, ana familia, amechekwa. Lakini aliporudi aliamua kwamba kilichotuangusha ni matembezi. Swali moja! Kilichotuangusha ni Hisabati, kila mwenye macho aliona, na Hisabati anafundisha nani mimi sisemi, ila ofisini kwake kuna feni, ile moja tu ya shule nzima.

Yakatoka maagizo: hakuna darasa kutoka nje ya geti kwa ajili ya somo lolote. Mwalimu Mastura akamfuata.

"Mwalimu Mkuu, baba yangu, tusiwaadhibu watoto kwa kujua zaidi."

"Mama, mimi nakuheshimu sana. Lakini mtihani hautembei."

"Basi usipotembea ubaki nyumbani, sisi tutautumia salamu."

"Ona sasa, mama, unafanya mzaha, na mimi ndiye ninayesimamishwa kule."

Kesho yake vigingi vikang'olewa. Viling'olewa mchana, watoto wakiwa madarasani wanachungulia. Vikapelekwa jikoni. Namaanisha ninachosema: Zebaki na Zuhura zilichemsha uji wa darasa la kwanza. Zohali na pete yake ya ukili iliwaka haraka, mpishi alisema, kwa sababu ukili ulikuwa mkavu. Yule mpishi aliyekuja na chujio la nazi mwaka ule ndiye aliyeambiwa azichome. Alikuwa anazisukuma jikoni huku anasema, "Mimi nimetumwa, Mwalimu, mimi nimetumwa tu." Mwalimu Mastura alimbeba mtoto wa mpishi mgongoni akaenda naye darasani, hakumlaumu. Mimi nilimlaumu kila mtu.

Miezi miwili ikapita hivyo. Mwalimu akawa anafundisha ndani, na alifundisha vizuri, maana huyu hata umfungie kwenye kabati atafundisha. Na kwa kuwa nimelitaja kabati, tuje kwenye zawadi.

Mwanzoni mwa mwezi huu kamati ya sherehe ilikaa kwenye chumba cha walimu. Kila mstaafu wa shule hii huulizwa anataka nini. Wengine wamechukua godoro, wengine mabati, mmoja alichukua mbuzi akaondoka naye siku hiyo hiyo. Mwalimu Mkuu akafungua mwenyewe:

"Mama, useme kabisa moyo wako unachotaka, tusije tukakuletea kitu ukakiweka uvunguni."

"Nikisema mtanipa?"

"Kilicho ndani ya uwezo wetu, mama, kwa nini usipewe?"

"Sitaki kabati wala kitenge. Godoro ninalo. Nataka matembezi ya sayari yarudi kwenye ratiba kabla sijaondoka. Nikiondoka yakiwa yamekufa, hayatafufuka tena, nawajua nyie. Hicho tu."

Mtu mmoja akacheka akidhani ni utani, akaona hachekewi, akakohoa. Mwalimu Mkuu akaangalia juu kama anayeitafuta feni yake, ingawa feni haipo kwenye chumba cha walimu, akasema, "Hilo tutaliangalia."

Tutaliangalia! Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi yoyote ya nchi hii anajua maana yake. Wiki iliyofuata pikapu iliingia kutoka mjini imebeba kabati la vyombo, la vioo, lina taa ndani. Wageni waalikwa, mnaliona pale mbele limefungwa utepe. Ni zuri. Sina ugomvi na fundi. Lakini mtu alisema hadharani, kwa Kiswahili, kwamba hataki kabati, na tumemletea kabati, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba wote tulichangia na wengi wetu hatukusema neno.

Aliyesema ni Mama Hassani. Wiki iliyopita alitokea ofisini, sinia kichwani, akapiga hodi na kuingia kabla hajajibiwa. Mlango ulibaki wazi na nusu ya shule ilisikia.

"Mwalimu Mkuu, habari za kazi. Nimekuja kuuliza sayari yangu."

"Sayari gani tena, mama?"

"Ile ya mwisho. Mliniletea wenyewe, mkaniambia Mama Hassani tutunzie. Nimeitunza. Mvua nimeifunika, mbuzi nimewafukuza. Siku hiyo kaja kijana wenu kaing'oa hata salamu hakutoa."

"Mama, ile haikuwa sayari. Ni kijiti na punje ya mbaazi."

"Mbaazi? Mwalimu Mkuu, mie mbaazi nalima. Nina debe zima ndani, hakuna mtoto anayetoka shuleni kuja kuziangalia. Ile ilikuwa Neptuni."

"Mama, unaitaka kwa sababu ya biashara yako."

"Ndiyo, na biashara! Kwani wewe unafundisha bure? Lakini nikwambie kitu. Wajukuu zangu wawili wamepita pale. Mmoja hajui kusoma vizuri mpaka leo. Ila muulize Dunia ina ukubwa gani. Anakuonyesha ufuta. Nyie mkitoa mtihani mnampa sifuri huyo. Mie nampa kitumbua."

Baada ya hapo Mwalimu Mkuu akalegea kidogo, nusu nusu. Akasema leo kwenye sherehe, kati ya ngoma na kukata keki, watoto nane wasimame mstari uwanjani wameshika mabango ya sayari, dakika tano, wageni wapige picha. Mwalimu Mastura akaletewa habari hiyo nyumbani. Nilikuwepo. Alikuwa anachambua mchele.

"Wamesimama umbali gani mtoto na mtoto?" akauliza.

Aliyetumwa akasema wanagusana mabega, ili picha itoke vizuri.

"Kawaambie wakifanya hivyo mimi meza kuu siji. Miaka yote natembea kufuta hiyo picha, leo mniage kwa hiyo picha?"

Kwa hiyo onyesho limefutwa. Ndiyo maana kwenye ratiba, ukurasa wa pili, mtaona baada ya ngoma inakuja keki moja kwa moja.

Sasa nifike mwisho, maana nanusa pilau na mimi ni binadamu. Kuanzia Jumatatu vipindi vya Sayansi vya darasa la tano na la sita nimekabidhiwa mimi. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, sina ajira, kunitoa ni suala la neno moja. Nilimpelekea Mwalimu Mkuu wasifu huu, ulivyokuwa mpaka hapa, ausome kabla haujachapwa, kama utaratibu unavyotaka. Aliusoma wote amesimama. Alipofika kwenye feni alisita. Alipomaliza nikamwambia kwamba Jumatatu darasa la sita litatoka nje ya geti mpaka njia panda, na kila mwaka litatoka, na vigingi nimeshachonga. Akazigeuza geuza hizi karatasi. Nilisubiri anifukuze.

"Joshua," akasema, "ukitoka nao, jibu la kule kwenye kikao utakwenda kulitoa wewe. Sitasimama tena mimi."

"Nitasimama mimi, Mwalimu Mkuu."

"Na ile picha ya kitabuni uwafundishe kwanza. Waijue kama jina la mama yao."

"Nitawafundisha."

"Basi sijasema ndiyo. Nimesema sijakuona."

Akanirudishia karatasi. Hakukata hata neno moja, na kwa hilo, pamoja na hasira yangu yote, namwandikia asante yake hapa hapa.

Nikakimbia kwa Mwalimu Mastura kumwambia. Nilidhani atafurahi, atanikumbatia, sijui. Alinitazama kama mtu anayetazama mchele wenye mawe.

"Watakuondoa, wewe mtoto."

"Najua, mama."

"Kujua kwako kunanisaidia nini? Barabarani unawavusha wapi?"

Nikasema pale mbele ya geti. Akavaa ndala, akajitanda kanga, akanishika mkono akanitoa nje jua la saa nane linawaka. Akanipeleka mpaka barabarani. Akanionyesha kwamba mbele ya geti bodaboda zinatoka kwenye kona hazionekani, kwa hiyo tunashuka mpaka kwenye ukuta wa madrasa ndipo tunavuka. Wakubwa wanakaa upande wa pikipiki zinakotoka. Mtoto wa mwisho ashikwe mkono na mwalimu, asiachwe ashikane na mwenzake. Akanivusha. Akanirudisha. Akaniambia sasa nivushe mimi, nikamvusha, akasema nimekosea, tukarudia. Watu wa bodaboda wakawa wanatuita, "Mwalimu, leo unamfundisha mkubwa kutembea?" Akawajibu, "Huyu mbishi, acheni nimfundishe kufika!" Tukarudia tena mpaka akaridhika. Hiyo ndiyo shukrani aliyonipa.

Mwalimu Mastura, kwa niaba ya walimu wa Mikokoni, waliokubaliana nawe na wasiokubaliana nawe, kwa niaba ya Farida, ya mpishi, na ya watu wazima wote wa pwani hii waliowahi kunyamaza kwenye njia panda wakiwa na miaka kumi na mbili: asante. Asante kwa miguu yako. Kabati lichukue tu, usilivunje, weka vikombe. Rudi Mikindani, lala mchana, amka ukiwa umechelewa, kula samaki ambaye hukumkaanga mwenyewe, uwatembelee wajukuu na uwachoshe kwa maswali. Mungu akupe afya na miaka mingi isiyo na kikao hata kimoja. Jumatatu asubuhi usitukumbuke, usisikilize kengele, usitume mtu kuuliza kama tumevuka. Tutakuwa tumevuka. Ugomvi wa huku tuachie sisi.

Joshua Elia
Mwalimu wa kujitolea, Shule ya Msingi Mikokoni